Ulaya kumezimika

Jumatano iliyopita, kwenye saa nane na nusu mchana, nilikuwa nimejinyoosha juu ya mkeka nyuma ya kaunta ya duka langu, feni ikinipepea nyayo, mara nikazinduka. Hakuna aliyepiga hodi. Feni inazunguka, redio ya jirani inaendelea na taarabu zake, kuku wanapekua nje. Ikanichukua muda kujua kilichoniamsha: friji lilikuwa limenyamaza.

Nilitega sikio ubavuni mwake kama mkunga. Kimya. Nikaligonga pale ninapoligonga siku zote, chini kidogo ya kitasa. Kimya. Nikachomoa waya, nikapuliza, nikachomeka tena. Taa ya ndani ikawaka, mwenyewe akakaa vile vile kama aliyenuna.

Barazani palikuwa na mteja mmoja tu, mtoto wa darasa la tatu aliyetoka skuli na shilingi mia yake kiganjani. Alinitazama, akalitazama friji, akageuka akatoka mbio. Sijamaliza kuvaa kandambili nikaisikia sauti yake inaelekea msikitini: "Ulaya kumezimika! Ulaya kumezimika!"

Inabidi nieleze. Friji hili ni la milango miwili, juu la kugandisha na chini la baridi ya kawaida, na linanizidi urefu. Nililinunua mtumba mjini miaka sita iliyopita, limeshushwa kwenye kontena. Mlangoni lilikuwa bado na kibandiko chenye maandishi ambayo wazee wa baraza langu walikata shauri kuwa ni Kijerumani, ingawa hakuna hata mmoja kati yao anayejua Kijerumani. Tangu siku hiyo jina lake ni Ulaya. "Mwanangu, nitilie Ulaya tasi wangu hawa, nitawafuata baada ya Magharibi." "Nina kipande cha pweza Ulaya, mpe mjomba wako akija." Mgeni akikaa hapa nusu saa anaweza kudhani nusu ya Bwejuu, kijiji chetu hiki cha pwani ya Unguja, ina jamaa ughaibuni.

Wapo wengine wenye friji kijijini, na mahoteli ya pwani yana mafriza ya kulaza ng'ombe. Lakini mtaa wetu huu, kutoka msikitini mpaka kwenye mkungu mkubwa, friji linalopokea mali ya kila mtu ni langu. Samaki shilingi mia mbili kwa siku, wazee na dawa bure. Kwa hiyo nakiri: nilipoona watu wanaanza kumiminika, moyo wangu haukuwa na huzuni tupu. Kulikuwa na kijisehemu kilichojiona kikubwa. Nilisimama mlangoni nikainua mkono: "Jamani tulieni, fundi nimeshampigia."

Fundi alikuwa ameniambia kesho. Kesho ya fundi mnaijua.

Na hii ni kaskazi. Upepo huu unaingia Disemba na kutuaga Machi, na wazee wanapenda kutukumbusha kuwa ndio uliokuwa ukileta majahazi kutoka Arabuni na Bara Hindi, yakae yangoje kusi iyarudishe kwao. Mimi haukuniletea jahazi, unaniletea wateja wa barafu tu. Ukiwa ufukweni hutauona ubaya wake, wazungu wa pale Paje wanarushwa juu na tiara zao na wanacheka. Ingia ndani, nyuma ya kuta za mawe, ndiyo utajua. Duka la marehemu baba lilikuwa la makuti. Mimi niliezeka bati, nikapongezwa na kijiji kizima, na kweli bati ni maendeleo mazuri sana mpaka ifikapo saa sita mchana.

Nikafungua mlango wa juu watu waone wenyewe. Pweza wanne wa wenyewe wanne. Tasi kama kumi na tano kwenye beseni. Kichwa cha chewa ambacho fundi cherehani alikuwa akikiwekea nia ya supu ya Ijumaa. Nazi zilizokunwa za mama lishe wa kituoni. Embe muyuni zilizomenywa, vikopo sita, mali ya shangazi yangu, maana Ramadhani ikifika embe zitakuwa zimekwisha na yeye hawezi kufuturu bila juisi ya embe. Na barafu za ubuyu arobaini, nilizozitengeneza mwenyewe usiku, ambazo tayari zilikuwa zinatoa jasho. Chini kulikuwa na maji, soda za harusi ya Jumamosi (Shaaban hii kila nyumba inaozesha kabla ya mfungo), na kwenye pembe ya mlango, ndani ya kopo la plastiki, boksi mbili za insulini za mzee mmoja ambaye wote tunamwita Babu.

Barafu za ubuyu nilizitatua kwanza kwa sababu zilikuwa zinajitatua zenyewe. Nilisema tu "bure". Sijawahi kuona watoto wakitoka chini ya ardhi namna ile. Ndani ya dakika kumi zote arobaini zimekwisha, midomo ya mtaa mzima myekundu, na yule mpiga mbiu wangu wa darasa la tatu alikuwa amepanga foleni mara mbili, ya pili amevaa kofia.

Shangazi alifika akitokea baharini. Ilikuwa bamvua, maji yametoka asubuhi mpaka karibu na mwamba, na wanawake walishinda huko kwenye mwani mpaka maji yalipoanza kurudi. Amelowa mpaka kiunoni, kanga imemgandia, gunia kichwani. Alilitua, akachungulia ndani ya friji, akauliza: "Kuna nini humo?" Nikamwambia. "Basi mbona mnasimama kama mnazika?"

Kufika alasiri alikuwa ameshagawa kazi. Tasi wapasuliwe, watiwe chumvi, waanikwe wawe ng'onda. Pweza wawili wapikwe usiku ule ule, wawili watanuliwe kwa vijiti waanikwe kwenye kamba ya nguo. Mwenye mali alipotaka kupinga akaulizwa kama ana friji jengine. Kichwa cha chewa kikapelekwa moja kwa moja kwa mke wa fundi cherehani, ikawa Ijumaa imekuja Jumatano. Mimi, bwana wa Ulaya, nilipewa kazi ya kufukuza paka.

Nilipomaliza kulalamika kuhusu joto na hasara, shangazi alisema maneno ambayo nimekuwa nikiyafikiria wiki nzima. "Friji lako limekufa na joto. Mwani wangu umekufa na joto. Umenisikia nikipiga kelele?"

Sikujua. Naishi hatua mia mbili kutoka kwake na sikujua.

Shangazi amekuwa kwenye mwani tangu ulipoanza kulimwa kwa biashara pwani hii mwaka 1989. Anasimulia jinsi mwanzoni wanaume walivyocheka, kulima bahari, na jinsi walivyoacha kucheka fedha zilipoanza kuezeka nyumba na kununua sare za skuli. Kazi yenyewe inaonekana rahisi ukiitazama kutoka kwenye kivuli. Unachoma vijiti mchangani, unatandika kamba, unafunga vipande vya mwani kimoja kimoja kwa vijikamba, unasubiri wiki sita hivi. Ila yote haya unayafanya umeinama, maji yakiwa magotini, jua linakupiga mara mbili, kutoka juu na kutoka kwenye maji, na saa za kazi anazipanga mwezi. Leo maji yakitoka saa tatu, kesho yanachelewa kama dakika hamsini, na yakifika maji mafu, yasiyotoka mbali, unakaa nyumbani unasuka ukili.

Wakati wa kaskazi, maji yakikupwa, yale yanayobaki kati ya ufukwe na mwamba yanakuwa ya moto. Sisemi vuguvugu. Ukitia mguu mchana unautoa. Mwani unageuka mweupe kwenye shina, unalegea, unakatika, unachukuliwa na maji. Ile aina yenye bei nzuri, kotonii, karibu imetutoka kabisa, imebaki spinosamu ambayo inavumilia zaidi na inalipa kidogo. Nikamuuliza kwa nini wasisogee maji mengi kwenye ubaridi. Alinitazama kama anavyomtazama paka. Wanawake wengi wa umri wake hawajui kuogelea, wanakwenda na magauni na baibui, na kwenye maji mengi unahitaji chombo na mtu wa kukiendesha. Kwa hiyo bamvua hili hakuvuna. Alikuwa akikusanya kamba zake. Gunia lile kichwani, nililodhani ni mavuno, lilikuwa kamba tupu.

Nikamtilia kahawa. Sikuwa na maji baridi ya kumpa.

Usiku wazee wa baraza waligeuza mambo yote kuwa hadithi, kama kawaida yao, wakarudi kwenye kiza kikuu. Nyinyi wa Unguja mnakumbuka. Disemba 2009 njia ya umeme inayovuka bahari kutoka Ras Kiromoni, bara, mpaka Fumba iliharibika, kisiwa kizima kikakaa bila umeme mpaka Machi 2010. Kaskazi nzima, mwanzo hadi mwisho. Mimi wakati ule nilikuwa kijana wa mjini, nimepanga chumba ghorofa ya tatu, na pampu za maji zimekufa. Nilikuwa nikipandisha ndoo ngazi tatu, usiku silali kwa majenereta na mbu, nachaji simu kwa kulipa. Mwisho nikakimbilia huku kwa marehemu bibi. Nilimkuta amekaa mlangoni anapepea makaa. Nikamwambia, "Bibi, miezi miwili hakuna umeme!" Akanijibu, "Pole mjukuu wangu. Huku hakuna tangu nizaliwe." Akanichotea maji kwenye mtungi, kata ya kifuu cha nazi, maji yananukia ubani kwa sababu mtungi alikuwa akiufukiza. Nilikunywa kata nne mfululizo. Kwake hakukuwa hata na waya.

Ndio maana sijui kwa nini mtungi haukunijia akilini siku ile ya Jumatano, wakati nilipokuwa na jambo kubwa kuliko pweza wote: insulini ya Babu.

Babu alikuwa mvuvi, sasa sukari imemkalisha chini. Boksi zake hazitakiwi kugandishwa na hazitakiwi joto. Mchana wote nilikuwa nimezifungia ndani ya friji lililozimika nikiomba Mungu watu wasifungue mlango, nao wanafungua kila dakika kuangalia kama kweli limezimika. Alasiri nilizichukua nikapanda vespa mpaka hoteli moja, nikamweleza kijana wa getini. Kijana mwenyewe ni wa huku huku, alisikitika sana, lakini bosi hayupo na bila bosi hakiingii kitu jikoni. Nikarudi na boksi zangu kifuani kama nimebeba mayai, jua la saa kumi linanitafuta mgongoni.

Nilipofika nilimkuta Babu mwenyewe amekaa barazani, mkongojo kati ya magoti, na pembeni yake mkewe amesimama na mtungi.

"Umezipeleka wapi kutembea?" akaniuliza.

Nilianza kujieleza. Akanikatiza kwa kuniambia mkewe ameshampigia muuguzi wa kituo cha afya, na muuguzi amesema siku mbili tatu hazina neno, ili mradi zisipigwe na jua, zisigusane na barafu, na zikae chini ya digrii 30. Basi. Mimi niliyekuwa nazungusha dawa ya mtu juani kwa vespa sikuwa nimewaza kupiga simu.

Mkewe ndiye aliyetengeneza. Aliutia mtungi ndani ya karai kubwa, akajaza mchanga kati yake na karai, akaumwagia mchanga maji mpaka ukalowa. Boksi zikafungwa ndani ya kopo lisiloingia maji, kopo likateremshwa mtungini, juu kitambaa kibichi, vyote vikawekwa kwenye ushoroba wa nyuma ya duka ambako upepo unapita. Mimi nilipewa kazi ya kumwagia mchanga maji asubuhi, adhuhuri na alasiri. (Mtaona kuwa cheo changu kilikuwa kinapanda: kutoka kwenye paka hadi kwenye mchanga.)

Mwalimu wa sayansi wa skuli yetu alisikia, na yeye hawezi kuacha kitu bila kukipima. Siku ya pili akaja na kipimajoto pamoja na watoto wa darasa zima nyuma yake. Dukani, chini ya bati langu la maendeleo, 34. Ndani ya mtungi, 28. Akawaeleza watoto kuwa maji yanapokauka kwenye udongo na mchanga yanaondoka na joto, na kwamba kungekuwa na ukavu zaidi hewani, kama kule Dodoma, mtungi ungepoa zaidi, lakini pwani hewa yetu imeshashiba maji. Mke wa Babu alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Sasa mwalimu, hayo yote ulihitaji kwenda chuo kikuu?" Darasa zima likaangua kicheko na mwalimu pia.

Soda za harusi zilishushwa kisimani ndani ya wavu mkuukuu. Hazikuwa baridi, ila hazikuwa za moto. Upande wa bwana harusi wakanung'unika, wakazinywa.

Fundi alifika Ijumaa baada ya sala, ameshiba pilau ya mtu mwengine, na mkoba wake wa vifaa. Nilikuwa nimejitayarisha kwa neno "kompresa", yaani mota yenyewe ya friji, neno ambalo kwa bei zake ni sawa na kutangaziwa msiba. Tayari nilikuwa na maelezo yangu: umeme unapanda na kushuka kama bamvua, na stebilaiza niliyouziwa mjini kumbe ni boksi lenye taa. Wazee wa baraza walikuwa na nadharia zao pia, mmoja akisema gesi ya Ulaya haiwezi kaskazi ya huku, imezoea theluji.

Fundi alilivuta friji ukutani, akafungua kifuniko cha nyuma, akamulika tochi, akanyamaza. Kisha akacheka mpaka akakaa chini. Akaingiza koleo akatoa kitu kikavu, cheusi, chenye mkia.

Mjusi kafiri.

Alikuwa ameingia kwenye rilei, kile kiswichi cha kuwashia kompresa, akakutanisha nyaya mbili ambazo hazikutakiwa kukutana, akaiunguza rilei na yeye akabanikwa hapo hapo. Rilei mpya, nauli na kazi vikawa elfu ishirini na tano. Mjusi aliwekwa juu ya kaunta kwa karibu saa nzima ili kila mtu apate kumwona aliyeiangusha Ulaya. Baraza likagawanyika kambi mbili: wapo waliosema alifuata joto la mota, na wapo waliosema mjusi naye ni kiumbe, kaskazi hii alikuwa anatafuta baridi kama sisi, akakosea mlango. Mjadala huo mpaka leo haujafungwa, na umeshaingiliana na habari za nani aliyeshinda mchezo wa dhumna siku ileile.

Friji likaanza kunguruma. Sikuwa nimewahi kufurahia kelele namna ile.

Lakini Ulaya haikurudiwa kama nilivyotarajia. Pweza waliokauka walishapikwa na nazi na kusifiwa. Shangazi alinijia Jumamosi usiku na chupa mbili za achari ya embe, moja yangu. Zile embe muyuni za vikopo sita alikuwa amezitia chumvi na pilipili siku ile ile ya Jumatano. Nikamuuliza na juisi ya kufuturia je? "Ukwaju upo," akasema. Kisha akaniomba nimtafutie mjini kamba nzuri, ya bei nafuu, kwa sababu kusi ikija maji yatapoa na atapanda upya. Nimeshaagiza.

Babu alikuja Jumapili kuhamisha dawa zake kurudi kwenye friji, kwani muuguzi amesisitiza kuwa boksi ambazo hazijafunguliwa mahali pake ni hapo. Nilizipokea kwa heshima zote nikaziweka pembeni pale pale mlangoni. Nikataka kumbebea mtungi mpaka kwake. Akatikisa kichwa.

"Uache hapo hapo. Mjusi yule ana ndugu zake."

Kwa hiyo sasa mtungi uko kwenye kona ya baraza, juu ya mchanga wake uliolowa, una kata ya kifuu na kifuniko, na mke wa Babu ameufukiza ubani. Jana mchana, saa nane na nusu, alikuja yule bwana mdogo wa darasa la tatu, mia yake kiganjani, akachungulia kaunta.

"Ulaya kumefunguliwa?"

Nikamwambia kumefunguliwa, barafu za ubuyu tayari. Akafikiri. Akaenda kwenye mtungi, akanywa kata mbili, akajifuta mdomo kwa mkono wa shati la skuli, akairudisha mia mfukoni, akaenda zake.